Nyumba ya Fahari ni Ipi?

Ndugu msomaji, pengine nawe unayo sebule ambayo watoto wako hawaruhusiwi kuingia. Kama huna, bila shaka umewahi kuiona kwa jirani: makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo limejaa bilauri ambazo hazijawahi kutiwa maji, na mlango hufunguliwa kwa ufunguo siku ya mgeni au siku ya sikukuu. Mimi nilikuwa na sebule ya namna hiyo kwa miaka mingi hapa mjini Arusha, na ufunguo wake niliuweka katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Ninayotaka kukueleza leo ni jinsi sebule ile ilivyonigharimu, wala sisemi habari ya fedha.

Nyumba yenyewe niliijenga mwaka 1986. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakumbuka hali ilivyokuwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 saruji, mabati, hata sabuni ya kufulia, vilikuwa vitu vya kuvizia. Mtu aliyepata mifuko 10 ya saruji alipongezwa kama aliyepata mtoto. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, maduka yakaanza kujaa, na sisi tuliokuwa na njaa ya vitu tukavikimbilia bila kujiuliza tunavitakia nini. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimojawapo. Nilijinyima, nikakopa, nikanunua makochi mekundu ya mahameli. Fundi aliyeyaleta aliniambia nisiyavue karatasi zake za nailoni mpaka mwaka upite. Nami nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii mwalimu wangu wa dini.

Mwaka huohuo baba yangu alikuja kunitembelea. Alikuwa akikaa Ngare Nanyuki, ng'ambo ya Momela, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Mama alikwisha kufariki. Mzee alifika magharibi, viatu vimejaa vumbi jekundu, begani amebeba gunia la maharage ambalo hakukubali utingo wa basi alishike. Nilifurahi sana kumwona, hilo Mungu analijua. Nikafungua sebule. Lakini kabla hajaketi macho yangu yakaangukia suruali yake, kisha yakaangukia mahameli, na mikono yangu ikafanya jambo ambalo kichwa hakikuiamuru: ilichukua gazeti juu ya meza, ikalifungua, ikalitandika juu ya kochi.

Mzee akalitazama gazeti, akanitazama mimi. "Mwanangu, gazeti hili umekwisha kulisoma?"

"Ndiyo, baba."

"Basi lipe heshima yake. Halikuandikwa likaliwe."

Akaliinua, akalikunja vizuri kwa mikunjo yake, akanirudishia mkononi. Kisha akatoka nje akaketi kwenye benchi la jikoni, akaanza kuzungumza na watoto na kuwachambulia maharage. Alilala usiku mmoja. Alikuwa amesema atakaa wiki. Tangu siku ile mpaka alipofariki mwaka 1991 hakuingia tena katika nyumba yangu. Kila nilipomwalika alikuwa na ng'ombe anayetaka kuzaa. Hakunikaripia, wala hakumsimulia mtu. Ningalipenda zaidi angalinikaripia.

Huenda utasema kwamba hayo ni mambo ya zamani na mzee alikuwa mwepesi wa kuona haya. La hasha. Ili uelewe alichokiona katika gazeti lile, yakupasa kwanza uende nami Momela.

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, ukafika Usa River, unapinda kushoto. Barabara inapanda, inapita Ngongongare na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ile iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Basi la abiria hupita humohumo, na si ajabu kumwona mama mwenye kikapu cha nyanya akimpita twiga bila kugeuza shingo. Mbele yako yanatokea maziwa ya Momela, machache makubwa na mengine madogo, kila moja na rangi yake: hili kijani, lile samawati, lile la kijivu kama chuma. Heroe husimama humo kwa mamia. Ni maziwa ya kupendeza macho, lakini maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Nyuma yako umesimama Meru, mita 4,566, ukiwa umevunjika upande mmoja kama chungu. Mbele, siku isiyo na mawingu, unaiona Kilimanjaro nzima.

Hapo ndipo mcheza filamu wa Kijerumani, Hardy Krüger, alipotekwa moyo. Alikuja pamoja na Mmarekani John Wayne kucheza filamu ya Hatari!, iliyotengenezwa na Howard Hawks na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Kazi ilipokwisha, wenzake walirudi kwao. Yeye akanunua shamba, akajenga nyumba na mahali pa kupokea wageni, akaishi hapo hadi miaka ya 1970. Alifariki Marekani mwaka 2022, na watalii hadi leo hufika Momela kulala mahali alipokaa. Tulipokuwa watoto, baba alikuwa akituonyesha upande ule kwa fimbo yake. Alikuwa akisema, "Yule bwana hakununua nyumba. Alinunua dirisha." Kisha, baada ya kutembea kidogo, "Na sisi tunalo dirisha hilohilo, ila letu halina kioo."

Sikuona kichekesho chake wakati huo. Niliona tu kwamba letu halikuwa na kioo.

Nyumba ya baba ilikuwa ya vyumba vitatu, kuta za udongo zilizokandikwa, paa la bati alilolipata kwa kuuza ng'ombe wawili. Kitu alichojivunia zaidi hakikuwa hata ndani ya nyumba. Kilikuwa choo. Alikichimba mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walipokutana katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza habari za mbu, maji na vyoo. Baba alikuwa katibu wa kikundi chake. Alichimba shimo refu hata ikabidi apandishwe kwa kamba, akajenga kibanda imara, akaweka mfuniko wenye mkono, na mgeni yeyote aliyefika, hata mchungaji wa kanisa, alionyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa kiti. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, nikaona aibu kubwa. Leo ninapoona nyumba za mjini zenye dari ya nakshi na taa za kuning'inia, huku maji machafu ya bafuni yakitiririka barabarani mbele ya lango la jirani, mzee hunijia na mfuniko wake mkononi.

Lakini hata choo hakikuwa kiini cha jambo. Kiini nilikipata kwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye anayekaa katika nyumba ile sasa. Ana miaka zaidi ya 80. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimu, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia kisa cha gazeti. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza kama najua jinsi bibi yangu, yaani mama yao, alivyotoka katika nyumba yake mwaka 1951.

Habari ya jumla niliijua, kwani imo katika historia ya nchi. Serikali ya Kiingereza iliamua kwamba ardhi ya Ngare Nanyuki ichukuliwe ipewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru wakakataa kuhama. Tarehe 17 Novemba, 1951 operesheni ikaanza. Watu wapatao 3,000 wakafukuzwa, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kwa michango ya wananchi wenzake, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza shauri hilo. Ardhi haikurudishwa kwa kura za Umoja wa Mataifa, lakini dunia ilisikia. Walowezi hawakudumu, na wenyewe wakarejea.

Ambalo sikulijua ni hili. Shangazi alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Anasema askari walipofika boma lao ilikuwa asubuhi, nao walikuwa na haraka. Walitoa amri kwamba vitu vitolewe nje. Babu akatoa ngozi, vyungu na mbuzi. Bibi akachukua ufagio. Akaanza kufagia chumba cha mwisho, akaja cha kati, akatoa majivu ya jana mafigani, akafagia mpaka kizingitini, huku askari amesimama mlangoni hajui afanye nini na mwanamke huyo. Alipomaliza akaegemeza ufagio ukutani, akatoka. Ndipo wakatia moto.

Nikamwuliza Shangazi kwa nini alifagia nyumba ambayo alijua itachomwa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua huchomoza. "Mwanangu, ilikuwa asubuhi. Nyumba hufagiwa asubuhi."

Walitakiwa kwenda King'ori, mahali pa joto na homa. Wengi hawakukubali. Familia ya bibi ilipanda mlimani kwa ndugu wa babu, katika nyumba ya migomba iliyokuwa na watu saba. Usiku ule wakawa 15. Shangazi haukumbuki uchungu wa usiku ule kuliko anavyokumbuka kwamba mwenye nyumba alikitoa kigoda chake mwenyewe, kile cha miguu mitatu ambacho watoto hawakuruhusiwa kukigusa, akamketisha bibi juu yake. Bibi alikuwa na masizi mwili mzima. "Hakutandika kitu," akasema Shangazi, kisha akaendelea kupepeta mahindi ya loshoro.

Baba, wakati huo kijana wa miaka 20 na ushei, alikuwa amesimama palepale.

Basi, msomaji, nadhani sasa unaelewa alichokiona.

Sitaki unidhanie kwamba nahubiri ufukara. Watu wetu walipenda vitu vizuri tangu zamani. Wenyeji wa Lamu walijenga zidaka katika kuta za ndani na kupanga humo vyombo vya kauri kutoka China, na naapa kwamba walikuwapo akina baba waliowakemea watoto wasivikaribie. Lakini nje ya mlango wa nyumba hizohizo za mawe kulikuwa na baraza, na mpita njia yeyote aliweza kuketi na nguo zake zilezile. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib kule Unguja mwaka 1883 alitaka watu washangae, nao wakashangaa. Mwezi Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, na sasa tunashangaa kwa namna nyingine. Fahari ya kushangaza watu ina gharama kubwa ya matengenezo. Hilo karani yeyote wa ghala atakuambia.

Siku ile kwa Shangazi lilikuwapo jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulipokuwa tukizungumza, kitukuu wake, mtoto wa miaka minne, alikuja kuomba maji. Palikuwa na ndoo mbili kando ya mlango. Mtoto akaielekea ile ya karibu. Shangazi, ambaye huinuka kwa shida, aliinuka kama kijana, akamshika mkono, akamchotea katika ndoo ya pili kwa kikombe. "Hiyo ni ya wakubwa," akasema. Ndoo ya wakubwa ilikuwa ya maji ya mfereji yanayotoka mlimani. Ya watoto ilikuwa ya mvua, iliyokingwa kwenye bati la baba na kuhifadhiwa katika pipa moja lililokwisha kupata kutu. "Sisi meno yetu yalikwisha kuamua," akanicheka, akionyesha yake.

Yangu pia yalikwisha kuamua. Kama wewe ni mtu wa Arusha huhitaji kuelezwa. Maji ya pande zetu hupita katika miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi. Mto mmoja una rangi kiasi kwamba kijiji kizima kinaitwa Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchi yetu kwa miaka mingi ilikubali hadi miligramu 4, si kwa sababu miili yetu ni migumu kuliko ya wengine, bali kwa sababu maji mengine hayakuwapo. Ngare Nanyuki hupita hata hapo. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani mpaka afikishe miaka minane hivi, huota meno ya kahawia yenye mashimo. Akizidi kuyanywa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa au kupinda. Na magadi tunayotia katika makande ili yaive upesi huongeza floridi juu ya floridi. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi na kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na chujio hilo hufanya kazi, ila mkaa huchoka na sharti ubadilishwe. La Shangazi lilikuwa limechoka.

Nilipokwenda sekondari mkoa mwingine, wenzangu waliniita Kutu. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa. Tazama picha ya arusi yangu, iliyokuwa ikining'inia katika sebule ile ya makochi mekundu: bwana arusi amefunga mdomo kama mtu aliyeficha sarafu shavuni. Nilikuwa na bilauri 24 kabatini na sikuwa na picha hata moja ninayocheka.

Nilirudi Arusha nikiwa na hesabu kichwani, na nitakuwekea hapa uikague. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati hukupa lita moja ya maji. Paa la baba ni mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 960. Ondoa zinazomwagika, sema 800. Mvua sita au saba za namna hiyo zajaza tangi la lita 5,000. Nyumba ile ina watu sita. Kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kunywa na kupikia, basi, kwa siku ni lita 30, na tangi lawatosha zaidi ya miezi mitano, wakubwa kwa wadogo, pasiwe na ndoo mbili mlangoni. Miaka yote ile bati la mzee lilikuwa likimwaga maji hayo shambani, nami ninapajua mahali pale tangu utoto.

Fedha zilikuwapo. Nilikuwa nimeziweka akiba kwa ajili ya kutandika vigae sebuleni, ahadi niliyompa mke wangu tangu nilipostaafu. Nilipomwambia nimebadili nia, alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Na vumbi la sakafu yangu ya saruji je? Kifua changu si mtu?" Sikuwa na jibu, na sina jibu hata leo. Kila siku ndiye anayepiga deki sakafu ile iliyopasuka, si mimi mwandishi wa makala. Tulishindana siku tatu. Siku ya nne akaniuliza tangi lina bei gani, akaniuliza na bei ya mifereji ya paa, ile ambayo mafundi huiita gata, akaandika yote nyuma ya kalenda, akajumlisha mara mbili.

Tangi lilipelekwa mwezi Februari, juu ya lori la mchanga, nami nimeketi juu yake kama mfalme. Fundi alijenga msingi wa mawe, akafunga mifereji, akaweka wavu mdomoni ili majani na vyura wasiingie. Shangazi alitaka pipa la kutu liachwe palepale. "Lisije likaona limefukuzwa," akasema, nami sikujua kama anatania.

Makochi mekundu yalikwisha kuchakaa zamani. Wajukuu huyarukia, na mmoja ameyamwagia chai mahali palepale nilipotandika gazeti, hata doa lake nalijua kwa sura. Ufunguo wa sebule sijui uko wapi.

Masika yalipoanza, Shangazi alinipigia simu usiku. Nilishtuka, kwani wazee wakipiga simu usiku huwa si heri. Nyuma ya sauti yake nilisikia kishindo kikubwa, kama watu wanaopiga makofi juu ya bati. Hakunisalimu hata. "Limejaa," akapaza sauti. "Limejaa, linamwagika! Nifanyeje?"

Nikamwambia aweke pipa la kutu chini ya mdomo wake. Mke wangu alikuwa ameamka. Akauliza kuna nini, nikamwambia. Akawasha taa, akaenda sebuleni kwa kandambili, nami nikamsikia akihesabu hatua kwa sauti ya chini kutoka ukuta huu hadi ukuta ule.